Waraka wa Wazi kwa Waheshimiwa Wahasibu wa Huruma

Kwa Waheshimiwa Wajumbe wa Kamati ya Misaada ya Maendeleo ya OECD,
Château de la Muette, Paris.

Kutoka Kitale, Kaunti ya Trans-Nzoia, Kenya.

Waheshimiwa,

Waraka huu nauleta katika jumba lenu la Paris, ambalo nasikia Baron Henri de Rothschild alilijenga miaka ya 1920 awe na mahali pa kuishi, nanyi mkalirithi muwe na mahali pa kuhesabia. Huku kwetu mahindi yamekauka, mvua inayanyemelea kabla hayajavunwa, na bei ya mbolea haijashuka kwa kumheshimu mtu yeyote.

Mniwie radhi kwa kuandika bila kutumwa. Sina cheo. Nilikuwa wakala wa forodha pale Malaba, kazi ya kukimbiza makaratasi ya madereva kutoka dirisha hadi dirisha, na sasa nalima nje kidogo ya Kitale. Wazee wangu wamelala Bungoma, upande wa Chwele. Wajomba wako ng'ambo ya mto Lwakhakha, Uganda. Wao huitwa Bamasaba, sisi Babukusu, na matanga yakitokea huku au kule hakuna anayeuliza ni nchi gani. Kwa hiyo mnapojadili mipaka ya Afrika, mkumbuke kwamba wapo watu ambao mpaka kwao ni njia ya kwenda kuzika.

Ninalotaka kuwauliza ni dogo. Mnapoandika katika daftari lenu kwamba nchi fulani tajiri imetoa kiasi fulani kuisaidia Kenya au Uganda kuendelea, kisha mtu akafungua ndani akakuta fedha zile zilinunua mashine za kusoma alama za vidole, magari ya doria na semina za kumtambua mhamiaji kabla hajaikaribia Ulaya, hapo aliyesaidiwa ni nani?

Kanuni ni yenu, sikuitunga mimi. Tangu 1969 mmesema kwamba msaada wa maendeleo ni fedha za serikali zenye masharti nafuu, ambazo lengo lake kuu ni uchumi na ustawi wa nchi inayopokea. Ni kanuni nzuri, na ningekuwa mwalimu ningewapa alama zote. Mwaka uliofuata Umoja wa Mataifa ukaweka kiwango: asilimia 0.7 ya pato la taifa la kila nchi tajiri. Zaidi ya nusu karne imepita, na nchi zenu zilizowahi kukifikia unaweza kuzihesabu kwa vidole vya mikono miwili ukabakiwa na vidole vya kushikia kikombe cha chai.

Mtu aliyewekewa kiwango kirefu ana njia mbili za kukikaribia. Anaweza kuongeza fedha, au anaweza kuongeza aina ya vitu vinavyohesabiwa kuwa fedha. Hii ya pili haina gharama. Mwaka 2022 Uingereza ilitumia takriban asilimia 29 ya msaada wake wote, kiasi cha pauni bilioni 3.7, kuwahifadhi wakimbizi na waomba hifadhi ndani ya Uingereza yenyewe, baadhi yao hotelini. Daftari lenu linaruhusu hesabu hiyo kwa miezi 12 ya kwanza ya kila mtu. Siwanyimi wakimbizi wale kitanda. Mungu awape na blanketi. Lakini hoteli ya Uingereza kufikiwa na msaada wa maendeleo kabla ya zahanati ya Kapsokwony, hilo linataka ushupavu wa kalamu.

Kutoka hotelini twende langoni. Novemba 2015, viongozi wa Ulaya na Afrika walikutana Valletta, Malta, wakati picha za mashua za wahamiaji zikiwanyima usingizi wapiga kura wa Ulaya. Hapo ulizaliwa mfuko wa dharura wa Umoja wa Ulaya kwa Afrika, uliofikia takriban euro bilioni 5 na kugusa nchi 26, Kenya na Uganda zikiwemo. Sehemu kubwa ya fedha hizo haikuwa mpya. Ilitoka katika Mfuko wa Maendeleo wa Ulaya, ule ule uliokuwa ukijenga barabara na visima, ikahamishiwa kwenye mfuko wenye jukumu la kutafuta chanzo cha uhamaji. Mahakama ya Wakaguzi ya Ulaya, ambayo si ya wanaharakati wenye mabango, iliukosoa mwaka 2018 na tena mwaka 2024 kwamba haukulenga vya kutosha. Ninyi nanyi, mwaka 2018, mkafungua fungu jipya la takwimu kwa ajili ya uhamaji wenye utaratibu, usalama na uwajibikaji. Maneno mazuri hayo. Nimeyasoma mara mbili nikimtafuta mtu wa Lwakhakha ndani yake.

Na jambo hilo halikuishia hapo. Katika bajeti ya nje ya Umoja wa Ulaya ya 2021 hadi 2027, euro bilioni 79.5, kiasi cha asilimia 10 kimeelekezwa kwenye masuala ya uhamaji na watu waliohamishwa kwa nguvu. Julai 2023 Tunisia iliahidiwa euro milioni 105 za kusimamia wahamiaji, mwezi ule ule ambao dunia iliona picha za Waafrika weusi waliosukumwa jangwani bila maji. Sijui ni safu ipi ya daftari inayofaa kwa jangwa.

Turudi nyumbani, maana mtu husema vizuri akisimama kwake.

Mpaka wetu mliurithisha ninyi, au basi wenzenu wa London. Mwaka 1902 Waingereza walilikata jimbo la mashariki la Uganda wakalitia katika himaya yao nyingine, ile iliyokuja kuwa Kenya, na mwaka 1926 wakaunyoosha mstari kwa amri ya maandishi. Mstari ukashuka kutoka Mlima Elgon ukifuata mito: Suam upande wetu wa Kitale, Lwakhakha na Malaba upande wa Bungoma na Busia. Wateso wakakatwa katikati. Wasabaot wakabaki huku na ndugu zao Wasebei kule. Leo malango rasmi ni Suam, Lwakhakha, Malaba na Busia, na kati ya lango na lango kuna njia za panya ambazo mbuzi wanazijua kuliko setilaiti.

Kama mnataka kujifunza jinsi mpaka huu unavyofanya kazi, ulizeni habari za Chepkube. Mwaka 1975 jalidi iliunguza kahawa ya Brazil, bei ya dunia ikapaa, na mkulima wa Uganda chini ya Idi Amin alikuwa akilipwa kwa shilingi zilizokuwa zikifa mkononi. Basi 1976 na 1977 kahawa ikavuka. Ilivuka kwa mgongo, kwa punda, kwa lori la usiku, ikaingia soko dogo la Chepkube upande wa Mlima Elgon, na wazee bado wanasimulia jinsi watu waliolala maskini walivyoamka na magari. Askari wa Amin walikuwa na bunduki na hawakuona haya kuzitumia. Kahawa haikusimama, kwa kuwa bei ya upande huu ilikuwa na nguvu kuliko bunduki ya upande ule.

Watu nao ni hivyo hivyo. Na hapa niwape siri ambayo ingewaokolea fedha: vijana wa Bungoma na Kitale wanaotafuta riziki mbali hawapiti Libya. Wanakwenda Nairobi, Kampala, Juba, na siku hizi Saudi Arabia na Qatar, tena kwa ndege, wakiwa na pasipoti, mkataba na deni la wakala shingoni. Taabu zao huanzia kwenye mkataba, si kwenye mashua. Mngetaka kuwasaidia kwa dhati, mngelipia mawakili wa kuusoma mkataba ule kabla haujatiwa saini. Hilo lingekuwa msaada wa uhamaji, na ningekuwa wa kwanza kuwapigia makofi.

Sitaki mnihesabu miongoni mwa wasio na shukrani. Fedha za kigeni zimefanya mema mpakani, nami nimeyaona kwa macho. Zamani dereva wa trela akifika mpakani alisimama upande wa Kenya, akapanga foleni, akagongewa mihuri, kisha akasogea hatua chache akaanza upya upande wa Uganda: fomu zile zile, maswali yale yale, ofisa mwingine mwenye njaa nyingine. Ndipo vikaja vituo vya pamoja. Unatoka nchi moja na kuingia nyingine ndani ya jengo moja, katika nchi unayoingia. Kile cha Busia, Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni walikizindua tarehe 24 Februari 2018, kwa fedha za Uingereza na Kanada zilizopitia shirika la TradeMark East Africa. Upande wetu wa Malaba, Benki ya Dunia ilitia mkono. Muda wa lori kuvuka ukapungua sana, na gharama ya muda huo hulipwa na mtu anayenunua sabuni Bungoma na saruji Mbale.

Huko Suam mambo yamekuja pamoja na barabara: Benki ya Maendeleo ya Afrika iligharamia lami kutoka Kapchorwa hadi Suam, kilomita 73, na kutoka Suam kupitia Endebess hadi Kitale, kilomita 45, na kituo cha pamoja hapo katikati. Ni mkopo, tutaulipa. Nataja tu kwa sababu kuna wageni wanaoamini kwamba kila lami ya Afrika ni sadaka.

Hayo yote ni udhibiti wa mpaka kwa namna yake. Kuna uzio, kuna kamera, kuna ofisa wa uhamiaji na mashine yake. Hata hivyo sina ugomvi nayo kuyaita maendeleo, kwa kuwa nikiuliza lango lile lilijengwa ili nani apite, napata jibu. Lilijengwa ili mzigo upite.

Ingawa hata hapo, kwa ruhusa yenu, nina kinyongo kidogo. Mzigo uliofikiriwa zaidi ulikuwa wa trela. Mama anayevusha nyanya, vitunguu au kuku watatu hakuwa kwenye mchoro wa mhandisi. Upo utaratibu rahisi wa biashara kwa wachuuzi, bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000, na cheti chepesi cha asili ya bidhaa. Karatasi yenyewe ni nzuri. Lakini mama akifika anaambiwa mwenye cheti ameenda kula, au anadaiwa ushuru wa kaunti juu ya ule aliosamehewa, au anaulizwa swali ambalo jibu lake ni noti ya shilingi mia mbili. Anageuka, anampa kijana wa bodaboda kikapu, na kijana anakata kona nyuma ya nyumba. Kisha takwimu zinasomeka kwamba mpaka una magendo mengi, na magendo yakisomeka mengi huandikiwa mradi wa kununua gari la doria, na mwaka unaofuata gari linamfukuza mama yule yule. Ofisa wa mradi anapata picha ya ripoti.

Kuna tofauti basi kati ya shilingi inayolainisha lango na shilingi inayolikaza, na daftari lenu haliwezi kuionyesha kwa sababu zote mbili zinaweza kuingia chini ya anwani moja yenye maneno mazuri. Jirani akija kunijengea ua kwa kuhofia mbuzi wangu wasile mboga zake, nitamkaribisha uji na nitamshukuru kwa ua. Asiende tu kanisani Jumapili kutoa ushuhuda kwamba amenisomeshea watoto.

Nasikia mtasema: mpaka uliolindwa vizuri unakufaa na wewe mzee. Kweli, na hoja hiyo siikimbii. Septemba 2022 Uganda ilipotangaza Ebola, na tena Januari 2025, tulitaka sana pawe na mtu Malaba na Busia wa kupima joto la msafiri na kujua la kufanya akikuta homa. Mbegu bandia zinazovushwa usiku katika mifuko inayofanana na ya kampuni ya Kenya Seed zimewafilisi wakulima wa hapa Kitale msimu mzima. Bunduki za wezi wa mifugo hazina pasipoti. Na watoto hupitishwa mpakani na watu wasio wazazi wao. Mradi wa Better Migration Management, ambao shirika la GIZ la Ujerumani lilianza kuusimamia mwaka 2016 kwa fedha za Umoja wa Ulaya na Ujerumani, umewafundisha maofisa na waendesha mashtaka wa nchi zetu namna ya kuwatambua waathiriwa wa biashara ya binadamu. Anayemwokoa mtoto wa kike mikononi mwa muuzaji, aandikwe katika daftari lolote apendalo, kwa wino wa dhahabu.

Lakini tazameni jinsi mifano hiyo ilivyo. Katika kila mmoja, hofu ni yetu. Mgonjwa ni wetu, shamba ni letu, mtoto ni wetu. Sisi ndio tungeomba hata kama Ulaya ingekuwa sayari nyingine. Toeni Ulaya kwenye picha, kisha tazameni kama mradi bado una maana. Wa Ebola utabaki. Wa mbegu utabaki. Ule wa kukusanya alama za vidole vya Mwethiopia anayepita ili zije kusomwa na kompyuta ya mbali, huo utaanguka kama hema lililochomolewa nguzo. Kipimo hiki hakihitaji mshauri wa kulipwa kwa siku.

Haki lazima itendeke kwa pande zote, kwa hiyo niseme na sisi. Machi 2021 Nairobi ilipopiga marufuku mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, walikuwepo wakulima wa Trans-Nzoia walioshangilia kana kwamba timu ya taifa imefunga. Gunia la Uganda likizuiwa, la Kitale linapanda. Siku chache baadaye serikali ilifungua lango kwa masharti, na shangwe ikaisha. Wale walioshangilia ndio haohao ambao Desemba huvuka kwenda Mbale kununua ndizi na kuwatembelea mashemeji. Mpaka hupendwa na mtu kwa kadiri ya kile alichonacho ghalani, na nadhani wapiga kura wenu si tofauti na wakulima wetu. Tofauti ni kwamba mkulima wa Kitale aliyetaka mahindi ya Uganda yazuiwe hakuiandikia Uganda risiti ya msaada.

Wakubwa wetu wa serikali nao wana sehemu yao. Hakuna anayekataa gari jipya. Tangu sheria ya usalama ya 2014 tuna kamati ya kuratibu shughuli za mipakani, na kila kamati hupenda vifaa. Mfadhili akija na orodha ya mashine, ofisa wetu hatasema, samahani bwana, sisi tuliomba choo cha wanawake wachuuzi na kivuli cha kungojea mvua. Atasema asante. Kisha atasaini kwamba mahitaji yalitoka kwa wenyeji, na saini hiyo itasafiri hadi Paris, itaonekana kwenu kama sauti yetu. Najua mkono mtupu haulambwi. Lakini msitumie ulafi wa mwenyeji kama ushahidi wa njaa yake.

Kuna jambo moja zaidi, nalo haliniruhusu kutania sana.

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, wakati nyumba zilipoungua katika Bonde la Ufa na vita vya ardhi vikiendelea Mlima Elgon, maelfu ya Wakenya walivuka Malaba wakaingia Uganda. Walivuka na magodoro kichwani, wengine bila kitambulisho kwa kuwa kitambulisho kilikuwa ndani ya nyumba iliyoungua. Uganda iliwapokea Mulanda, karibu na Tororo, na baadaye wengi wakapelekwa Kiryandongo wakapewa viwanja vya kulima. Hawakuulizwa alama za vidole kwanza. Kama wakati ule mpaka ungekuwa umekazwa kwa kiwango ambacho baadhi ya wataalamu wenu wanakiita bora, watu wa ukoo wangu wangesimama mtoni wakingoja mtambo uwashwe.

Miaka 15 baadaye, Aprili 2023, vita vilipuka Sudan. Nchi hiyo ilikuwa katikati ya kazi ya Ulaya ya uhamaji katika Pembe ya Afrika tangu Mchakato wa Khartoum ulipoanzishwa Novemba 2014. Kulikuwa na kituo cha kubadilishana habari za usafirishaji haramu mjini Khartoum, kikasimamishwa 2019. Kiongozi wa kikosi cha RSF cha Sudan alijigamba hadharani mwaka 2016 kwamba watu wake wanaifanyia Ulaya kazi ya kuzuia wahamiaji. Umoja wa Ulaya ukakana kumpa fedha, na sitasema zaidi ya hapo. Nasema tu kwamba wakati mambo yalipoharibika, Wasudani wengi walikimbilia Kiryandongo, pale pale walipopewa hifadhi Wakenya wa 2008. Uganda inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu, wengi kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika. Nayo, Septemba 2025, ilitia saini na Uholanzi barua ya nia ya kupokea watu walionyimwa hifadhi huko. Nchi iliyojaa wageni wake inaombwa iwapokee na wa mwenye nafasi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema wahenga. Hapa sijaelewa ni nani aliye mgeni, ila aliyepona namjua.

Ningekuwa na subira zaidi kama mfuko wenu ungekuwa unapanuka. Unasinyaa. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, na Julai 1 shirika la USAID likafungwa. Mpango wa AMPATH, unaotibu VVU huku magharibi mwa Kenya tangu 2001, kliniki za Kitale na Webuye zikiwemo, ulitikiswa, na watu waliokuwa wamesahau kuhesabu vidonge wakaanza kuvihesabu upya. Uingereza nayo imetangaza kushuka kutoka asilimia 0.5 hadi 0.3 ifikapo 2027. Kikapu kikipungua, kila kisichostahili kuwemo kinachukua nafasi ya kinachostahili. Kamera moja ikiandikwa msaada, kuna dawa fulani ambayo haitaandikwa, na waziri wa fedha wa nchi yenu hatakuwa amevunja sheria yoyote.

Kwa hiyo ombi langu ni la kiuhasibu, si la kihuruma, nikijua mnapendelea lugha hiyo. Lindeni mipaka yenu. Ni haki yenu, na hata mkitaka kuilinda kuanzia hapa Afrika, zungumzeni na serikali zetu mchana, mkubaliane, mlipe. Ila fedha hizo zitoke katika bajeti ya wizara zenu za mambo ya ndani, ziandikwe ulinzi wa Ulaya, na zisihesabiwe kuelekea asilimia 0.7. Kwa zile mnazoziita maendeleo, onyesheni mradi mmoja mmoja: lango gani, kifaa gani, nani aliomba, na taarifa zilizokusanywa zinasomwa na nani. Na kabla ya kuhesabu, tumeni mtu akakae siku moja pale Lwakhakha, si ofisini, akae upande wa wachuuzi, aulize kama kuvuka kumekuwa rahisi au kugumu kuliko mwaka jana. Jibu atalipata kabla ya saa nne asubuhi, na huenda akauziwa ndizi.

Nasikia mnazo kanuni tayari zinazosema kwamba kinachofanywa hasa kwa manufaa ya mtoaji kisihesabiwe. Basi kazi imerahisika. Mmebakiza kuzisoma kwa sauti mbele ya wanaoleta risiti.

Mkiamua kuja wenyewe mtakaribishwa. Tangu Januari 2024 serikali yetu imeondoa viza, ikaleta kibali cha kielektroniki ambacho kila mmoja wenu atakilipia kama dola 30. Ni nafuu, ukilinganisha na euro 90 ambazo mpwa wangu hulipa kuomba viza ya Schengen, na ambazo hazirudishwi anaponyimwa. Dola 30 zenu tutazipokea kwa mikono miwili. Tunaomba tu, mkirudi Paris, msiziandike kuwa msaada.

Wenu katika ujirani,

Mkulima, na aliyekuwa wakala wa forodha,
Kitale.